UPS, stabilaiza, gadi na athi: kipi kinailinda kompyuta yako na umeme wa Kigoma

Ingia duka lolote la steshenari pale Mwanga, uchungulie chini ya meza ya kompyuta. Ukutani imechomekwa stabilaiza, kisanduku cha kusawazisha volti, kwenye stabilaiza imechomekwa ekstensheni, kwenye ekstensheni imening'inia UPS, kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, na UPS imebebeshwa kompyuta, printa, chaja mbili za simu na feni. Mwenye duka anaamini amejilinda kila upande. Kisha mvua ya Novemba inashuka na radi zake, au waya unakatika kwenye nguzo mtaa wa pili, mashine inakufa, na fundi anatoa jibu lile lile la siku zote: pawa saplai, kile kisehemu kinachoilisha kompyuta umeme, imeungua.

Vifaa vile vyote ni halali na vinafanya kazi. Kinachopotea ni hesabu ya nani anatibu nini. Umeme una magonjwa manne, ila mtaani yote huitwa "umeme mbaya", na mtu akishanunua dawa ya ugonjwa mmoja huona amepona yote.

Magonjwa yenyewe ni kukatika, kushuka, kupanda na kupiga. Kukatika hakuhitaji maelezo. Kushuka ni volti kuanguka chini ya zile 230 za kawaida, taa zikafifia na feni ikazunguka kwa uvivu. Kupanda ni volti kuzidi na kubaki juu kwa sekunde, dakika au hata saa. Kupiga ni mshtuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde unaoweza kufika maelfu ya volti. Chanzo chake ni radi, au laini kuzimwa na kuwashwa.

Kwa Kigoma yote manne yana historia. Kwa miaka mingi mkoa uliendeshwa kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa, na mgao ukawa sehemu ya ratiba ya siku. Hata pale umeme ulipoimarika, nyumba iliyo mwisho wa laini bado inapata kilichobaki: waya mrefu una ukinzani, na kila nyumba inayowasha pasi au jiko njiani inapunguza volti za walio mbele yake. Ndiyo maana saa moja jioni ni mbaya kuliko saa nne asubuhi, na ndiyo maana taa zako huchezacheza fundi wa mageti wa jirani anapochomelea. Kuhusu radi, tuko ng'ambo ya mashariki mwa Kongo, eneo lililo miongoni mwa yenye radi nyingi zaidi duniani, na kuanzia Oktoba hadi Mei mawingu ya ziwani hayana likizo.

Kushuka kwa volti: lawama nyingi, kosa dogo

Tuanze na ugonjwa unaosingiziwa zaidi. Geuza chaja ya laptopu usome maandishi madogo kwenye mstari wa INPUT. Nyingi zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Chaja hiyo hiyo ingefanya kazi Marekani kwenye volti 120 na inafanya kazi Ujiji kwenye 230, kwa sababu haitegemei volti zinazoingia ziwe kamili. Inaupokea umeme wa ukutani, inaunyoosha, inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inatoa volti zake 19 au 19.5 kama kawaida. Zinazoingia zikishuka, inavuta ampia zaidi kufidia. Mzigo wa wati 100 unaovuta ampia 0.43 kwenye volti 230 utavuta 0.63 kwenye volti 160. Waya utapata joto kidogo zaidi, lakini kompyuta haitajua kama kuna jambo limetokea.

Deskitopu za ofisini zinazokuja mtumba, Dell OptiPlex na HP zile, nyingi nazo zina pawa saplai ya 100 hadi 240. Soma kibandiko nyuma kabla ya kununua chochote cha kuilinda. Tofauti ni zile za kuunganishwa na mafundi au za zamani, zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hizi kwenye 230 huanza kujizima na kujiwasha volti zikishuka sana. Hapo ndipo mjanja mmoja hukigeuza kiswichi kwenda 115, eti umeme ni mdogo. Usithubutu. Kapasita za ndani, vidude vinavyohifadhi umeme, zilizotengenezwa kwa volti 200 zitapewa zaidi ya 300, na mlio wake utausikia hata ukiwa nje.

Stabilaiza basi ni ya nini? Ni ya vitu vyenye mota: friji, pampu ya maji, feni. Mota ikikosa volti inashindwa kuzunguka, inavuta ampia nyingi bila kusogea, inaungua taratibu. Ile stabilaiza ya bei nafuu ndani yake ni transfoma yenye matawi kadhaa, na swichi ndogo za sumaku zinazoruka kutoka tawi moja kwenda lingine; ule mlio wa tak-tak ndio huo. Volti zikicheza mpakani, swichi zinaruka mfululizo, na kila mruko ni mkatiko mdogo. Yaani kifaa kilichonunuliwa kutuliza umeme kinauongezea vikatiko. Isitoshe, UPS nyingi za kawaida tayari zina stabilaiza ndogo ndani yake. Mwenye laptopu hana haja ya stabilaiza. Mwenye deskitopu na UPS hana haja nayo pia, labda apimiwe na kukutwa chini ya volti 160 kila siku, na hapo kinachotakiwa ni kwenda TANESCO kuripoti, maana laini nzima inaumwa.

UPS: namba kubwa usoni, betri ndogo tumboni

UPS inatibu kukatika. Hiyo ndiyo kazi yake, na inaifanya kwa dakika chache za kukuwezesha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Anayetegemea kuangalia mpira wa saa mbili kwa UPS ya 650VA atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ile namba ya 650 si wati. VA ni volti kuzidisha ampia, wati ni kazi halisi inayobebwa, na kwenye UPS za bei nafuu wati huwa nusu ya VA au zaidi kidogo. UPS ya 650VA inabeba kama wati 325 hadi 390. Namba kamili imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma au kwenye boksi. Na hizo wati zinasema inaweza kubeba mzigo gani, hazisemi kwa muda gani. Muda unaamuliwa na betri.

Ndani ya UPS ya 650VA mara nyingi kuna betri moja tu ya volti 12 na ampia-saa 7. Zidisha: wati-saa 84. Kwa hesabu ya darasani, kompyuta na monita vinavyokula wati 100 vingekaa dakika 50. Havikai. Kwanza UPS yenyewe inapoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu katika kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani. Pili, na hili ndilo wauzaji hawalisemi, ile ampia-saa 7 imepimwa kwa kuinyonya betri polepole kwa saa 20, ampia 0.35 kwa wakati. Wewe unainyonya ampia 10 kwa mkupuo. Betri ya risasi ikinyonywa haraka inatoa karibu nusu tu ya kilichoandikwa. Kwa betri mpya, mzigo wa wati 100 utakaa karibu robo saa, pengine dakika 20. Ongeza mzigo hadi wati 200 na muda hautapungua nusu tu, utaanguka hadi dakika tano au sita. Punguza hadi wati 50 na utapata zaidi ya nusu saa. Kila wati unayoiondoa inakulipa zaidi ya thamani yake, kwa hiyo feni na chaja za simu ziondoke kwenye UPS leo.

Deskitopu ya ofisi inayoandika barua na kuchapa fomu hula wati 40 hadi 90, na monita bapa ya inchi 19 au 22 hula 15 hadi 25. Monita ya kizamani yenye kisogo inakula zaidi ya 70 peke yake. Ukiitupa, umenunua UPS ya pili bure.

Printa ya leza na mashine ya fotokopi zisiguse UPS kabisa. Ndani yake kuna rola inayopashwa moto ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na wakati wa kupasha inavuta wati 600 hadi 1,000 na ushei. UPS ndogo inapiga kelele na kuzima kila kitu, pamoja na ile kompyuta iliyokuwa inalindwa. Printa ya wino wa maji ni nyepesi, inaweza kukaa, ila haina sababu: karatasi iliyokatishwa katikati inachapwa upya, hakuna faili linalokufa.

Mbona UPS nyingi mjini zinakufa ndani ya mwaka mmoja na ushei wakati betri yake inapaswa kufika miaka mitatu au zaidi? Sababu ya kwanza ni joto. Betri hizi hupimiwa maisha kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi 10 zikiongezeka maisha yanapungua karibu nusu. UPS iliyosukumwa chini ya meza kando ya fotokopi, imefunikwa na makasha ya karatasi, inaiva polepole. Sababu ya pili ni njaa. Betri iliyokwisha inahitaji saa sita hadi nane au zaidi kujaa tena. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, betri inaishi nusu tupu, na betri ya risasi inayokaa tupu huota fuwele ngumu kwenye sahani zake ambazo hazitoki tena. Ndiyo maana UPS za shule huharibika wakati wa likizo: zimechomolewa zikiwa zimekwisha, zikakaa wiki sita. Ukifunga ofisi kwa muda mrefu, zijaze kwanza, zizime kwa swichi yake, na zikikaa zaidi ya miezi mitatu zichomeke siku moja zishibe.

Kubadilisha betri hakuhitaji kutupa UPS nzima. Izime, ichomoe ukutani, chomoa na vyote vilivyoshikiliwa nayo. Usiruke hatua ya kuchomoa, kwa sababu kwenye baadhi ya UPS waya za betri zinagusana na umeme wa ukutani. Fungua skrubu za chini, kwa kawaida nne. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa waya. Toa mweusi kwanza, kisha mwekundu. Dukani beba betri ya zamani au hiyo picha, uangalie mambo matatu: volti 12, ukubwa wa umbo, na upana wa vile vibati vya kuchomekea, ambavyo viko vya aina mbili, karibu milimita 5 na zaidi ya 6. Betri ya ampia-saa 9 mara nyingi ina umbo lile lile la 7 na inaingia bila tabu. UPS kubwa zenye betri mbili zilizofuatana hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Mpya ikifungwa na mzee, mzee anamfisha.

Dukani omba multimita. Betri mpya iliyopumzika inapaswa kusoma volti 12.6 hadi 12.9. Ikisoma 12.2, imekaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa na fuwele zimeshaanza, hata kama nailoni yake inang'aa. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa. Mara nyingi imegongwa kwenye plastiki kwa tarakimu chache zisizosema wazi kuwa ni tarehe.

Kuna mtindo wa kuunganisha betri ya gari kwenye UPS ndogo ili ikae masaa. Inawaka, ndiyo, na kwa saa ya kwanza mwenye nayo anajiona mhandisi. Lakini chaja ya ndani ya UPS hiyo hutoa ampia moja au chini yake, kwa hiyo betri ya ampia-saa 70 itahitaji siku tatu hadi sita za umeme usiokatika kujaa. Transfoma yake nayo ilitengenezwa kufanya kazi dakika 15 ipoe, si saa tatu mfululizo. Inachemka, lakiri ya waya inaungua, harufu inafuata. Juu ya hayo, betri ya gari ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni ndani ya chumba ambamo swichi za sumaku zinatoa cheche. Anayetaka masaa anunue inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa kuwa wa ukutani, iliyotengenezwa kwa masaa.

Kisa kingine kinachowachanganya wengi: UPS ina betri mpya, taa yake inawaka, lakini umeme ukikatika kompyuta inazima papo hapo. Jaribu hivi. Chomeka balbu ya LED kwenye UPS, kisha chomoa UPS ukutani. Balbu ikizima, betri au UPS ni mbovu. Balbu ikibaki, rudisha kompyuta bila monita ujaribu tena. Ikibaki hewani, mzigo ulikuwa umezidi. Ikizima bado, pawa saplai yake haipatani na umbo la umeme wa UPS. Umeme wa TANESCO unapanda na kushuka kwa mawimbi laini, wakati UPS ya bei nafuu inatoa ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa zinazikataa hizo ngazi. Dawa ni UPS inayotoa wimbi laini, ambayo ni ghali, au kubadilisha pawa saplai.

Au kuachana na deskitopu. Kwa duka dogo la Kasulu au Buhigwe, laptopu ya mtumba yenye betri nzima ina akili kuliko deskitopu na UPS: inakula wati 20 hadi 40, na betri yake ni UPS ya saa mbili. Neno zito hapo ni "betri nzima". Kabla ya kulipa, fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike powercfg /batteryreport kisha ubonyeze Enter. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilikoihifadhi. Ifungue, tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ni ujazo wa kiwandani, ya pili ni uliobaki. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 16,000, umebakiwa na theluthi, na bei ishuke kulingana na hiyo theluthi.

Kupanda: huyu ndiye muuaji

Mtaa mzima ukiunguza TV siku moja, watu husema "umeme ulirudi kwa nguvu". Mara nyingi kilichotokea ni kukatika kwa niutro. Laini ya mtaani ina fezi tatu, yaani nyaya zinazoleta umeme, na waya mmoja wa niutro unaourudisha. Kati ya fezi na niutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Niutro ikikatika kwenye nguzo, nyumba yako na ya jirani aliye kwenye fezi nyingine zinajikuta zimefungwa mfululizo kwenye volti 400, na zinagawana kinyume cha haki: mwenye mzigo mdogo anapewa volti nyingi. Jirani akiwa anapiga pasi ya wati 1,000 na wewe una kompyuta na taa za wati 100, kwa hesabu wewe unapata zaidi ya volti 360 na yeye hafiki hata 40. Anaona taa zimefifia, analalamika. Wewe unanusa moshi.

Dalili zake zinajulikana. Taa zinang'aa kupita kawaida, feni inavuma kama inataka kuruka, au taa zinaongezeka mwanga mtu anapowasha kitu kingine. Usitafute chaja ya kuchomoa. Nenda moja kwa moja kwenye meinswichi, zima, kisha piga simu TANESCO.

Stabilaiza ndogo haiwezi kuvuta volti 360 zirudi 230. UPS inaweza kuhamia kwenye betri, lakini sakiti yake ya kuingilia ndiyo inayobaki imesimama mbele ya risasi. Kifaa cha kazi hii ni gadi, ile inayouzwa kama gadi ya TV au ya friji. Haitengenezi umeme, inaupima tu. Volti zikitoka nje ya mipaka iliyoandikwa kwenye kibandiko inakata, na zikirudi inasubiri kwanza, nusu dakika au dakika kadhaa kutegemea aina, ndipo inaruhusu. Kule kusubiri kunakukinga pia na misukosuko ya dakika ya kwanza umeme unaporudi. Kwa kompyuta gadi ya ampia 5 inatosha na kubaki. Kwa printa ya leza tumia ya ampia 13. Kwa bei yake, ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningemshauri mtu wa Kigoma anunue, kabla ya UPS na mbali kabisa mbele ya stabilaiza.

Radi

Hapa gadi inachelewa. Swichi yake inahitaji sehemu kadhaa za elfu za sekunde kukata, na radi imeshapita na kuaga. Kinachowahi ni kidude kidogo kinaitwa varista, duara la rangi ya bluu au njano ukubwa wa shilingi, kinachogeuka kuwa njia wazi volti zinapozidi na kuutupa mshtuko pembeni. Kimo ndani ya ekstensheni za ulinzi za kweli, ndani ya UPS nyingi na baadhi ya gadi. Kila pigo kubwa linakila kidogo, mpaka siku kinaisha huku taa ya ekstensheni ikiendelea kuwaka kama kawaida. Ekstensheni nyingi za sokoni zenye taa nyekundu hazina varista hata moja.

Radi ikipiga karibu, hata varista nzima haitoshi. Chomoa. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikipungua chini ya 30, vitu vyote viwe vimeshatoka ukutani. Zikibaki tatu au nne umechelewa, kaa mbali na soketi. Na kuchomoa ni pamoja na nyaya zisizo za umeme. Kebo ya dishi kutoka paani inaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kimeshikana na TV, TV imeshikana na kompyuta kwa HDMI: hiyo ni barabara ya lami kutoka paani hadi kwenye ubao mama. Kebo ndefu ya intaneti inayotoka nyumba hadi nyumba ni hivyo hivyo. Deskitopu nyingi zinazoletwa baada ya radi pawa saplai yake ni nzima, kilichokufa ni tundu la mtandao.

Athi, yaani ile tundu ya juu

Kuna malalamiko yanayosikika kila mahali: "kompyuta inanipiga shoti nikigusa boksi". Ukiweka bisibisi ya testa kwenye bati inawaka. Mafundi wengi hufungua mashine kutafuta waya uliochubuka, na hawauoni, kwa sababu haupo. Pawa saplai ina kapasita ndogo mbili zinazochuja kelele za umeme, moja kutoka fezi kwenda kwenye bati, nyingine kutoka niutro kwenda kwenye bati. Zimewekwa hapo zikitegemea kuwa bati limeunganishwa na athi, waya unaoshuka hadi ardhini. Athi isipokuwepo, bati linabaki likielea katikati, karibu volti 115. Ampia zake ni chini ya moja ya elfu, zinatekenya tu bila kuua, lakini zinatosha kuunguza tundu la HDMI au USB unapounganisha mashine hiyo na TV au printa. Kwa hiyo, penye mashaka, unganisha nyaya za mawasiliano kwanza, umeme uchomeke mwisho.

Athi inapotelea wapi? Mara nyingi kwenye plagi. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili, kompyuta za mtumba zinakuja na plagi za Ulaya za miguu miwili ya mviringo. Watu huingiza kalamu kwenye tundu la juu, kizuizi kikafunguka, wakapachika miguu miwili chini. Umeme unapita, athi haipo. Vivyo hivyo zile adapta nyeupe za kimataifa za bei ya soda. Nunua waya wenye plagi ya miguu mitatu na fyuzi ndani yake. Fyuzi ya ampia 3 au 5 inatosha kwa kompyuta. 13 iache kwa pasi.

Wakati mwingine plagi ni nzima, nyumba ndiyo haina athi. Pima kwa multimita, au mwite fundi mwenye leseni apime mbele yako: fezi na niutro zisome karibu 230, fezi na athi karibu vile vile, niutro na athi volti chache tu. Fezi na athi ikisoma 90 au 120 inayoyumba, waya wa athi haufiki ardhini. Nje, tafuta ile fimbo ya shaba. Kwenye miinuko ya mjini yenye mawe, fimbo huwa imekatwa katikati kwa sababu nyundo ilikataa, ikabaki robo tatu ya mita. Tena athi inategemea unyevu: iliyopimwa vizuri Aprili inaweza kuwa dhaifu Agosti ardhi ikikauka. Fimbo ya pili, mita mbili au tatu kutoka ya kwanza, zikaunganishwa, inasaidia kuliko kumwagia maji kila Jumamosi.

Bila athi, varista zinapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, kwa kuwa haina pa kuutupa mshtuko.

Mpangilio wenyewe chini ya meza

Ukutani gadi. Kwenye gadi UPS. Kwenye UPS kompyuta na monita, basi. Printa ya leza ipewe soketi yake yenye gadi yake. Stabilaiza isiwekwe kamwe baada ya UPS: ule umeme wa ngazi-ngazi unaichemsha transfoma yake.

Rauta ya intaneti inakula wati 6 hadi 12 tu, na nyingi zinatumia volti 12. Usiiweke kwenye UPS kubwa inayopoteza nguvu nyingi kuliko rauta inavyokula. Kuna UPS ndogo za rauta zenye seli za lithiamu, ukubwa wa kitabu, zinazotoa volti 12 moja kwa moja na kukaa masaa kadhaa. Linganisha volti na umbo la pini kabla ya kununua. Rauta ya volti 9 ikipewa 12 inaweza isikuamkie tena. Kwa wanaotumia sola Uvinza na vijijini, kanuni ni ile ile: laptopu ichajiwe kwa chaja ya gari inayopandisha volti 12 kuwa 19, bila kupitia inveta, maana kuugeuza umeme mara mbili kunakula kama robo ya ulichovuna juani.

Mara moja kwa mwezi, kompyuta ikiwa imewaka na hakuna kazi muhimu iliyofunguliwa, chomoa UPS ukutani uangalie saa. Ikifika dakika kumi, iko salama. Ikifika tatu, agiza betri wiki hii. Ikizima kabla hujageuza kichwa, betri ilikufa zamani na ulikuwa unaipa umeme bure.